Karatasi Mbele ya Feni

Chukueni karatasi moja ya daftari. Washeni gari, washeni AC, subirini feni ya mbele ianze kuzunguka. Kisha isogezeni karatasi hiyo kwenye shoo, ule uso wa gari wenye matundu ya kuingizia hewa, mbele ya kondensa, ule wavu wa mabomba membamba unaokaa mbele ya rejeta, na muiachie. Ikinata pale kama imegundishwa, feni inavuta hewa na kuipitisha kwenye kondensa, na ndivyo inavyotakiwa. Ikiteleza ikaanguka, feni imechoka. Ikirushwa ikakupiga kifuani, basi kuna fundi aliyeharibu kazi kabla yako.

Kwenye gari la Mama Nasra fundi huyo nilikuwa mimi. Nilichelewa kuinua karatasi, na kwa kuchelewa kwangu mwanamke yule alipoteza keki mbili za harusi na nusura apoteze ya tatu, ambayo ingeondoka na biashara yake yote. Nitafika huko. Kwanza mumjue aliyenifundisha habari ya karatasi, maana alinifundisha mapema kabisa na mimi nikaiweka kando.

Gereji yetu ilikuwa Temeke, uwanja wa mchanga uliozungushiwa mabati. Yalienea magari sita; la saba lilikaa barabarani. Fundi Kassim ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, mtu mwembamba, mzaliwa wa Dar, ambaye kabla ya kuingia kwenye magari alikuwa akitengeneza majokofu ya kuhifadhia samaki. Gari likiingia hakufungua boneti. Alimwendea mwenye gari na kumuuliza maswali matatu. Asubuhi linapoa? Likitembea linapoa? Likisimama kwenye foleni linapoa? Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Baada ya hapo ndipo alipotafuta spana.

Mimi niliona ni kupoteza muda. Nilikuwa na sikio zuri na mkono mwepesi. Nikisikia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inanguruma, nilishaitoa kabla mwenye gari hajamaliza kuegesha.

"Wewe Saidi," Fundi Kassim aliniambia siku moja, "unafunga spea kama mtu anayecheza bahati nasibu."

"Lakini mara nyingi napatia, fundi."

"Na zile mara chache unazokosa, nani anapanda lile gari?"

Nilicheka tu. Nilikuwa na umri ambao mtu hucheka akiambiwa maneno kama hayo.

Alikuja kwetu Mzee Akberali, Mhindi wa Kikhoja aliyekuwa na duka la vitambaa, ambaye Kiswahili chake cha Pwani kilinipita mimi. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: upepo hautoki. Mimi nikasema mota ya kupuliza imekufa, dashibodi ifunguliwe yote, kazi ya siku mbili. Fundi Kassim akamuuliza, "Ukiiwasha, unaisikia ikizunguka?" Mzee akasema anaisikia vizuri, inalia kama zamani. "Basi haijafa," akasema Fundi Kassim. Akafungua ile droo ya dashibodi upande wa abiria, akaishusha, akaingiza mkono nyuma yake na kutoa filta ya hewa. Ilikuwa nyeusi na imejaa majani makavu, mekundu, yenye ncha tano tano, majani ya mti ambao hatujawahi kuuona Dar. Yalikuwa yametoka Japani na gari lenyewe.

Mzee Akberali alilishika jani moja akaligeuzageuza.

"Miaka mitano nawabeba abiria hawa," alisema, "hata nauli hawajanipa."

Alicheka mpaka akakohoa. Jani lile alilitia kwenye mfuko wa shati akaenda nalo. Sisi tulifunga filta mpya na kazi ikaisha kabla ya chai kupoa. Wenye magari wengi mpaka leo hawajui kuwa kitu hicho kipo. Nyie ambao mnaanza kazi, hapo ndipo pa kuanzia mtu akisema upepo ni mdogo. Upepo mdogo na upepo wa moto ni magonjwa mawili tofauti, na mwenye gari atayataja yote mawili kwa neno moja: AC mbovu.

Jambo jingine ni kuosha. Watu wetu wana adabu. Mtu akipeleka gari kwa fundi huliosha kwanza, injini na yote, fundi asije akachafuka. Adabu hiyo inatuharibia kazi. Gesi ya AC ikivuja hutoka na mafuta kidogo, na mafuta hayo hushika vumbi. Gari linalotoka Chanika, likiwa na vumbi lake lote, linakuonyesha lenyewe pa kuangalia: utakuta kila mahali pamekauka, na kwenye kiungo kimoja tu cha bomba vumbi limegandamana kama tope. Hapo weka povu la sabuni utazame linavyotoa mapovu. Gari hilohilo likioshwa, ushahidi umekwenda na maji, na utashinda siku nzima ukipaka sabuni kila bomba. Mteja akikupigia simu kwamba anakuja, mwambie alilete chafu.

Na maji yakidondoka chini ya gari AC ikiwa inafanya kazi, msishtuke wala msimruhusu mteja ashtuke. Ni unyevu wa hewa yetu ya Dar umegeuka maji. Maji yale yakikosekana nje, yatafute ndani, chini ya zulia la miguu. Mpira wa kuyatolea umeziba. Nimemwona fundi akibadilisha kipoozeo kizima cha ndani ya dashibodi kwa sababu zulia lilikuwa limelowa.

Sasa Mama Nasra.

Alikuwa anaoka keki za harusi nyumbani kwake Tandika na kuzipeleka mwenyewe, Mbezi, Kawe, mpaka Boko huku ninakoishi sasa. Gari lake lilikuwa dogo lenye mlango mpana wa nyuma; viti vya nyuma alivitoa, akaweka ubao uliotandikwa mpira ili sinia la keki lisiteleze. Keki yenye krimu haivumilii joto, na kutoka Tandika hadi Kawe mchana wa Jumamosi kuna joto la kutosha kuiangusha. Kwa hiyo AC kwake haikuwa starehe.

Mwezi wa saba feni ya AC iliungua. Gari lile lilikuwa na feni mbili, moja ya kupoza injini na nyingine ya AC. Nikapata feni ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina nyingine. Plagi hazikufanana. Nikazikata zote mbili, nikaunga waya kwa waya, nikazungusha tepu. Nikawasha, feni ikazunguka, nikafunga boneti. Mwezi wa saba Dar ina ubaridi wake, na gari likatoka likipoa vizuri.

Mwezi wa kumi na mbili akarudi.

"Fundi, likitembea zuri, baridi mpaka nafunga kitenge mabegani," alisema. "Likisimama foleni, linanipulizia joto la jikoni."

Soma tena maneno yake. Alikuwa amejibu maswali mawili kati ya matatu ya Fundi Kassim bila kuulizwa na mtu. Mimi nilisikia neno moja tu, joto, nikamwongezea gesi. Jumamosi hiyo maua ya keki ya Mbezi yaliteremka ubavuni yakakusanyika kwenye sinia.

Aliporudi, nikasikiliza kompresa. Ilikuwa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Nikamwambia klachi ya kompresa imekufa. Nikatoa kompresa, nikafunga nyingine, nikajaza gesi kwa kukadiria. Jumamosi iliyofuata ghorofa ya juu ya keki ililalia ile ya chini kama mtu anayesinzia kanisani. Ndugu wa bibi harusi waliipiga picha wakaituma kwenye kundi la ukoo kwa simu, na mmoja akaandika chini yake: Hii keki au uji?

Picha hiyo alinionyesha mwenyewe, Ijumaa saa nne asubuhi, katikati ya gereji, mafundi wenzangu wakiwa wamesimama.

"Fundi Saidi, mie sikuja kugombana. Kesho nina keki ya ghorofa nne, ya Kawe. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ameiona hii picha. Amenipigia, ananiambia, Mama Nasra, tumeshakulipa na muda wa kutafuta mwingine hatuna, lete. Lakini ikifika imelala, kamati nzima itajua, na wanakamati hao wote wana watoto wa kuoza." Akaizima simu. "Sasa nijibu kitu kimoja. Keki inafika au haifiki?"

Kama hamjui kamati za harusi za mji huu, niseme tu kwamba watu thelathini wanaokutana kila Jumapili kwa miezi mitatu hawasahau keki iliyoanguka.

"Inafika, Mama Nasra," nikasema. "Hii kompresa niliyokufungia ilikuwa ya mtumba. Natafuta nyingine..."

"Ya tatu?"

"Unajua ile ya pili..."

"Ya tatu, fundi! Gari langu litakuwa na kompresa nyingi kuliko mie nilivyokuwa na waume."

Gereji nzima ilicheka, na mimi nikajifanya natafuta spana. Nilikwenda nyuma ya gari lililokuwa limepandishwa kwenye matofali, nikampigia simu Fundi Kassim. Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi, yuko Chanika anafuga kuku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ni kompresa. Haya, asubuhi linapoa?"

"Linapoa."

"Likitembea?"

"Linapoa."

"Foleni?"

"Halipoi."

Nilisikia kuku wakilia upande wake.

"Sasa Saidi," alisema taratibu, "hiyo kompresa inajuaje kama gari liko kwenye foleni?"

Kompresa haijui. Kinachobadilika gari likisimama ni upepo: likitembea, barabara inaipa kondensa upepo, likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Feni ikishindwa, presha inapanda, na swichi ya usalama inaikata kompresa ili bomba lisipasuke. Kile nilichokiita klachi iliyokufa kilikuwa klachi inayotii amri.

"Lakini feni inazunguka, fundi. Naiona kwa macho."

"Weka karatasi," akasema, akakata simu. Alikuwa na kuku wa kulisha.

Mama Nasra alinipa karatasi ya kuokea kutoka kwenye kikapu chake. Niliwasha gari, nikaisogeza karatasi kwenye shoo upande wa feni ya AC, nikaiachia. Ilinirukia kifuani. Nikaiokota nikarudia. Ikanirukia tena.

"Gari langu linapiga chafya," alisema Mama Nasra.

Upande wa feni ya injini karatasi ilinata. Kwa hiyo feni moja ilikuwa inavuta hewa kuingia na jirani yake inaitema nje ikiwa ya moto, ile ya kwanza inaivuta tena. Hewa ileile ilikuwa inazungushwa hapo mbele, inazidi kuchemka. Nilifuata waya kwa mkono mpaka kwenye kiungo. Kila fundi ana namna yake ya kumalizia tepu. Mimi huikunja ncha kidogo ili siku ya kuivua nisitumie kucha. Ncha ilikuwa imekunjwa.

Nilikuwa nimeunga waya kinyume. Feni ya namna ile ukiigeuzia waya inazunguka vilevile, ila upande usio wake, na ukitazama kwa jicho la haraka hutaona tofauti.

Kuzibadilisha waya kulinichukua muda mfupi kuliko ule wa kupiga simu Chanika. Karatasi ikanata. Nikaitoa gesi yote niliyokuwa nimeijaza kwa kiherehere, nikajaza upya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, kisha nikafunga geji za kupimia presha, ambazo nilipaswa kuzifunga tangu mwezi wa kumi na mbili ulipoanza. Gari likanguruma nusu saa juani limesimama, mishale ya geji ikatulia mahali pake.

"Nimeipata," nikamwambia.

"Ilikuwa nini?"

"Feni."

Sikusema zaidi, naye hakuuliza zaidi. Alisema tu kwamba kesho nipande naye mpaka Kawe, maana maneno yangu ameshayasikia mengi.

Tuliondoka Tandika saa saba mchana. Keki ilikuwa nyuma, nyeupe, ghorofa nne, imefunikwa kitambaa chepesi. Kwenye tundu la upepo la katikati nilichomeka kipimajoto cha jikoni kwake. Pale Buguruni foleni ilisimama kabisa. Jua lilikuwa juu ya bati la gari. Mama Nasra alikuwa akitazama kipimajoto kuliko barabara.

"Nyuzi nane," alisema.

Dakika zikapita. Muuza karanga alituzunguka mara mbili.

"Bado nane."

Niliona siwezi kufika Kawe na jambo lile mdomoni.

"Mama Nasra, ile feni niliifunga mimi. Mwezi wa saba. Waya niliziunga kinyume."

Aliangalia mbele. Magari yakasogea kidogo, naye akasogea nayo.

"Na kompresa yangu uliyoitoa?"

"Haikuwa na kosa."

"Iko wapi?"

"Iko gereji, chini ya benchi."

"Jumatatu utairudisha."

"Nitairudisha."

"Na keki ya Mbezi," akauliza bila kupandisha sauti, "nayo utairudisha?"

Foleni ikatuachia, tukafika Ubungo. Kipimajoto kilipanda kikawa tisa, kikarudi nane.

Kawe, ukumbini, mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mfupi mwenye orodha mkononi na kalamu sikioni. Hakutusalimia. Aliinua kitambaa, akainama, akaizunguka keki yote kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akagusa krimu ya ubavuni kwa ncha ya kidole kidogo.

"Hii imesimama," alisema, akaweka alama kwenye orodha yake na kwenda kugombana na watu wa viti.

Mama Nasra alikaa kwenye ngazi ya ukumbi, akavua viatu. Nilimletea maji. Alikunywa nusu, nusu akanirudishia, na nadhani huo ndio msamaha niliopata. Wa maneno sikuwahi kuusikia.

Jumatatu nilimrudishia kompresa yake ya kwanza, nayo ilifanya kazi mpaka siku alipouza gari. Kazi za ile kamati alizipata. Na gereji yetu ikapata utaratibu mpya bila kuitisha kikao: kila alipoleta gari, hata kwa kubadilisha oili tu, Mama Nasra alichomoa karatasi ya kuokea kwenye kikapu, akaiweka kwenye shoo mwenyewe mbele ya mafundi wote, akaitazama inanata.

"Linavuta," alitangaza. Kisha ndipo aliposema, "Haya, fundi, habari za tangu juzi?"

Nilinunua daftari. Nikaanza kuuliza maswali matatu, na la nne nililoliongeza mwenyewe: nani aliligusa mara ya mwisho, na alifanya nini? Swali hilo waulizeni wateja, na msisahau kujiuliza wenyewe. Mara nyingi ugonjwa mpya wa gari umekaa jirani na tiba ya zamani.

Nyie mna mashine za kuchomeka kwenye gari zikawasomea makosa kwenye kioo. Ni nzuri, ningekuwa nayo ningeitumia. Itakuambia presha imepanda. Haitakuambia kwamba mwezi wa saba kuna mtu aliunga waya kwa haraka. Na magari haya yanayotumia umeme na petroli pamoja, kompresa zake zinaendeshwa kwa umeme mkali na zina oili yake maalumu. Ukitia oili ya kawaida kwa mazoea, unaiua kompresa na unaweza kujiua na wewe. Kama hujui, usifungue. Hakuna mteja anayemcheka fundi aliyesema sijui saa nne asubuhi. Anayechekwa ni yule aliyesema najua mara tatu.

Siku yangu ya mwisho gerejini Mama Nasra alikuja na keki. Haikuwa kubwa. Juu yake alikuwa amechora feni kwa krimu ya buluu, mapanga manne, injini nyuma yake, na ubavuni mwa feni mshale mwekundu wa kuonyesha upepo unakoelekea. Mafundi wakapiga makofi, mmoja akanipa kisu.

Nilikizuia kidogo nikainama kutazama. Mshale ulikuwa umeelekea ndani, kwenye injini. Nikakata.